Siku ya Panya

Ufa ulipoanza ulikuwa mwembamba kama uzi, na Hoanh akasema ni jua. Ulipopanuka ukaingia kidole, akasema ni kaa, kaa wa mto huu hawana adabu. Asubuhi hii kuku mmoja alitumbukia humo akawa anapiga kelele chini kwa chini, na Hoanh, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe, hakusema kitu. Alilala kifudifudi, akaingiza mkono hadi begani, akamtoa kuku kwa bawa.

"Maji," alimwambia mkewe. Mkono wake ulikuwa ukidondosha tope la kijivu. "Nimegusa maji, Mama Thom."

Lai aliufuata ufa kwa macho. Ulianzia nyuma ya jiko, ukazunguka mnazi uliokwisha kuinama, ukapita upande wa huku wa kaburi la baba mkwe, ukapotelea vichakani. Hapo ndipo penye ubaya. Kama ungepita upande wa kule, wangepoteza minazi miwili na choo, na choo kile hakikuwa na wa kukililia. Lakini ulipita upande wa huku. Kaburi lilikuwa limebaki upande wa mto, juu ya kipande cha ardhi kilichoshikiliwa na mizizi na huruma.

Katikati ya mto matishari ya mchanga yalikuwa yamejipanga kama kawaida, yakifyonza. Mchanga ule ulikwenda mjini kujenga maghorofa, na mashimo uliyoyaacha chini ya maji yalijazwa kwa bustani za watu.

"Tumtoe Baba leo," Hoanh alisema. "Sasa hivi. Jembe ninalo, pombe ya mchele ya kuoshea mifupa ninayo. Kaburi lenyewe la mkeka, halina sanduku wala saruji. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Na mama yako?"

"Nitamwambia."

"Haya, kamwambie," alisema Lai, na siku nyingine angecheka, maana mumewe alikuwa ameshavuka hamsini na bado alificha sigara mgongoni kila aliposikia mama yake akikohoa.

Bibi Sau alikuwa amekaa kwenye kitanda chake cha mbao, anatafuna tambuu mbele ya kalenda ya ukutani, ile ya kuchanwa karatasi moja kila siku. Hakungoja aulizwe.

"Tarehe kumi na sita," alisema. "Mnajimu wa hekaluni kasema atolewe mwezi ukifika kumi na sita, mchana, saa ya Mbuzi. Leo ni kumi na tatu."

"Mama, mto hausomi kalenda."

"Na wewe pia husomi, ndiyo maana mnaelewana." Alitema mate mekundu kwenye kopo. "Leo siku ya Panya. Binti yako Thom kazaliwa mwaka wa Farasi. Panya na Farasi hawakai zizi moja. Mtoto ana mimba ya miezi saba, anasimama kutwa kiwandani kugandisha soli za viatu vya wenzake, halafu baba yake mzazi anakwenda kumfukua babu siku ya Panya. Hongera. Chukua na kisu kabisa, umalize kazi."

"Tutamwomba radhi Baba. Ataelewa. Anaona mwenyewe maji yanavyokuja."

"Wafu hawaelewi. Wakiudhika, wanamtafuta aliye dhaifu kuliko wote nyumbani." Alimtazama mwanawe kwa macho yenye ukungu. "Nilimtoa baba yako bandarini pale sokoni, walipokuwa wamepanga maiti kama samaki. Nilimfunika kwa matenga ya bata, nikapiga kasia mwenyewe, nikamzika jioni ileile. Siku sikuuliza. Nani alikuwa na nafasi ya kuuliza siku, mabomu yanalia? Mwaka haukuisha, kaka yako akaenda na maji, hapo hapo mtaroni, maji ya magotini. Unataka nifundishwe mara ngapi?"

Kaka huyo Hoanh, aliyekuwa bado tumboni, hakuwahi kumwona ila kwenye picha ya meza ya wahenga, mtoto wa miaka minne aliyekunja uso kama aliyekula ndimu. Kijijini kwao nyumba nyingi zilikuwa na picha za waliokwenda vitani, upande huu au upande ule, na chini ya makaburi yao hapakuwa na kitu ila ardhi. Bibi Sau alikuwa na mifupa. Majirani walikuwa na mashamba, pikipiki, watoto Saigon. Yeye alikuwa na mifupa, na alitembea nayo kijijini kama mtu mwenye fedha benki.

Simu ya Lai ikalia.

"Shangazi Lai!" Ilikuwa sauti ya Khiem, mtembeza wageni, yenye furaha ya kulipwa. "Tumeshatoka Cu Chi, kwenye mahandaki ya vita, tuko njiani tunakuja. Watu wawili tu, mzee na mkewe, Waholanzi. Hili si kundi, Shangazi, hii ni ziara yao binafsi, siku nzima: asubuhi vita, mchana mto. Wamelipa vizuri. Samaki awe mkubwa. Na ile blauzi yako ya kahawia, siyo ile nyeusi, nyeusi inawatia huzuni."

"Khiem, mwanangu, leo hapa..."

"Leo hapa nini?"

Lai alitazama dirishani. Nyumba ya jirani yake, Bi Tam, haikuwepo tena. Palikuwa na hewa na mto. Mwaka jana wageni walikuwa wakila kwa Bi Tam vilevile. Siku mtu wa kampuni ya utalii alipoona ufa uani kwake, alipiga picha moja, akapanda boti, na jina la Bi Tam likafutwa kama kinyesi cha kuku kizingitini. Na tangu chumvi ya bahari ianze kupanda mtoni na kuua mibalungi yote, wali wa nyumba hii ulitoka kwa wageni. Hata kiwanja cha kumhamishia baba mkwe, kule nyuma ya hekalu, kilikuwa kinasubiri fedha ya chakula cha leo.

"Hapa hakuna kitu," alisema. "Karibuni."

Akakata simu, akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, mama mkwe asisikie: "Waache wale, wapande mtumbwi, waondoke. Wakipinda kona tu, unachimba."

"Mama je?"

"Mama nitamshika mimi."

"Wewe?" Hoanh alimkagua mkewe, kilo arobaini na viatu. "Wewe umshike Mama?"

"Nenda ukaoshe mtumbwi, Hoanh. Wageni wanakuja."

*

Alitandika makuti juu ya ufa, akapanga vyungu vya maua juu ya makuti. Pale ulipopita karibu na njia aliweka beseni la kufulia. Akaanika shuka mbili kati ya jiko na kaburi, zikawa kama pazia la arusi. Akasimama mbali kidogo akatazama kazi yake. Ilikuwa nzuri mno. Hakuna mtu mwenye akili anayepanga vyungu katikati ya njia ya kwenda chooni, lakini wageni wangejuaje njia ya choo ya watu?

Boti ilipofika, Khiem ndiye aliyeruka wa kwanza. Kijana mwembamba, shati jeupe, miwani ya jua kichwani hata kukiwa na mawingu. Aliwapa wageni madafu, akamvuta Lai pembeni.

"Rangi ya mdomo, Shangazi?"

"Nimesahau."

"Kila siku tunasahau. Na tabasamu, tafadhali, siyo hilo la kung'olewa jino. Kampuni sasa inatazama nyota wanazotoa wageni. Nyota nne kwao ni msiba. Mwezi uliopita nimepata nne kwa sababu ya mbu, yaani mbu wanang'ata, mimi ndiye ninayekatwa mshahara." Akatazama uani. "Nani kafua leo? Mbona kaburi halionekani?"

"Kule kuna siafu leo."

"Siafu?"

"Wengi. Wakubwa. Tuwaonyeshe handaki, kisha wale, wapande mtumbwi. Kaburi mara nyingine."

"Shangazi, hawa wameomba kaburi. Bibi huyu kasoma kwenye tangazo: 'Kaburi la shujaa wa mto.' Tangu Cu Chi ananiuliza. Nikimpa siafu badala ya shujaa, hizo ni nyota tatu."

Huyo shujaa wa mto alikuwa mfuga bata. Alikufa akivusha bata wake kwenda kwenye mashamba ya mpunga yaliyovunwa ng'ambo, kombora likaja, na hakuna aliyejua lilitoka upande gani. Lakini mfuga bata hauziki. Khiem alianza kwa kumpa bunduki, msimu uliofuata akampa meli ya kuzamisha.

"Jana kazamisha meli mbili," Bibi Sau alikuwa akipenda kusema, "leo tatu. Mume wangu anafanya kazi kaburini kuliko alivyofanya akiwa hai."

Wageni waliingia ndani wameinama, wakavua viatu bila kuambiwa. Mzee aliitwa Joost, mrefu kama mlingoti, magoti mekundu. Mkewe Marijke alikuwa mfupi, mwenye mvi zilizokatwa kama za mwanamume. Kwenye sakafu kando ya kitanda cha Bibi Sau palikuwa na tuta la udongo lenye tundu, handaki ambamo familia ililala miaka ile. Bibi Sau alikaa kando yake na tambuu yake, akiwa kazini.

Marijke aliuliza kitu kwa upole. Khiem akageuza: "Anauliza, Bibi, uliogopa humo?"

"Mwambie niliogopa nyoka. Bomu likija linapita. Nyoka alikuwa anakaa."

Khiem aliwageukia wageni akazungumza muda mrefu, akagusa kifua chake mara mbili. Marijke akajifuta macho.

"Nimesema maneno matano," Bibi Sau alimwambia mkwewe, "yeye katoa hotuba. Nimesema nini humo?"

"Umesema unaipenda nchi, Mama."

"Ahaa. Na nyoka kaenda wapi?"

Joost hakuwa akisikiliza. Alikuwa amesimama mlango wa nyuma, anatazama vyungu vya maua vilivyojipanga kwa mstari uliopinda, shuka, mnazi ulioinama, mto. Akarudisha macho kwenye vyungu. Lai aliona anavyoyahesabu yale maua, akaona jinsi alivyourudisha mguu wake nyuma, taratibu, kama mtu aliyekaribia kumkanyaga mtoto aliyelala. Kisha akamtazama Lai usoni. Hakuuliza. Alikuwa mgeni mwenye adabu, na adabu yake ilimuumiza Lai kuliko kama angepiga kelele.

"Chakula," alisema Lai. "Khiem, waambie chakula tayari."

*

Samaki alikuwa amekaangwa na magamba yake, amesimamishwa wima kwenye kibao kama anaogelea. Lai alipiga magoti kando ya meza. Akatandaza kiganjani ganda la unga wa mchele, jembamba kama karatasi, akatia majani, akachomoa nyama ya samaki kwa vijiti, akakunja, akamkabidhi Marijke. Akatandaza la pili. Ndivyo kampuni ilivyotaka: mgeni asiguse kitu, mwenyeji awe magotini.

"Anauliza kama unapenda maisha ya mtoni," Khiem alisema.

"Mwambie ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Ongeza unavyojua."

Khiem akaongeza. Lai alikunja la tatu. Kwenye kibakuli, mchuzi wa samaki ulitetemeka, ukachora duara ndogo ndani ya duara kubwa, ukatulia. Tishari limepita, alijiambia. Akakunja la nne. Mchuzi ukachora duara tena, na safari hii hapakuwa na tishari lililopita.

Nje kukasikika kitu kama mtu anayechana shuka polepole. Minazi miwili ya ukingoni ilisimama wima bado, lakini ilikuwa inashuka. Ilishuka kama watu wanaoshuka ngazi, wamenyooka, kisha ikalala, na mto ukarusha maji mpaka kwenye shuka alizoanika. Choo kilifuata bila kelele.

Hoanh alikuwa gatini anashikilia mtumbwi. Aliinua uso kumtazama mkewe, kwa mbali. Kaburi lilikuwa bado lipo, tuta dogo la majani, kwenye ulimi wa ardhi usiozidi upana wa mkeka wa watu wanne.

Kwa pumzi moja Lai aliendelea kushika vijiti. Mkono wake, ambao ulikuwa umefundishwa, ulitandaza ganda la tano. Kisha akaviweka vijiti chini, akasema "Samahani" kwa Kivietinamu, kwa watu wasiokijua, akainuka.

Bibi Sau alikuwa ameshafika mlango wa jiko kabla yake. Alisimama katikati, mikono yote miwili kwenye miimo, mzee wa miaka themanini na kitu, mwepesi kama fagio.

"Hupiti."

"Mama, Baba anakwenda."

"Najua anakwenda, mimi kipofu? Tarehe kumi na sita!"

"Hakuna kumi na sita, Mama. Hakuna hata alasiri."

"Na Thom je?" Sauti ya bibi ilipasuka. "Na kichanga? Huyu alishakufa, Lai! Nimemlilia nikamaliza! Yule hajazaliwa bado! Unataka nichague nini?"

Miaka yote aliyoishi katika nyumba ile, Lai hakuwahi kumjibu mama mkwe wake zaidi ya "ndiyo, Mama". Alimpikia mikate ya mchele, alimkanda miguu, alikubali kuitwa mvivu na mwenye mkono mbaya wa chumvi. Sasa alimshika mabega yote mawili, akamwinua pembeni kama mtu anavyosogeza kiti, akachukua jembe lililoegemea ukuta.

Bibi Sau alibaki pale alipowekwa. Alishangaa hata kutukana alisahau.

*

"Usisogee!" Hoanh alikuwa anakuja mbio na kamba ya mtumbwi. "Nakwenda mimi!"

"Una kilo themanini. Wewe ukikanyaga tu mmekwenda wote, wewe na baba yako. Nifunge."

"Lai..."

"Nifunge, Baba Thom!"

Alimfunga kiunoni, juu ya blauzi ya kahawia ya kampuni. Vidole vyake vilikosea fundo, vikarudia. Lai aliruka ufa, ambao sasa ulikuwa mfereji, akatua kwa magoti kando ya tuta. Ardhi ilimpokea vibaya, ilicheza chini yake kama kitanda chenye mguu mbovu. Akaanza kuchimba akiwa amepiga magoti vilevile.

Nyuma yake wageni walikuwa wametoka. Marijke aliinua simu yake, Khiem akaanza, kwa mazoea, maneno yakimtoka yenyewe: hii ni mila, mabibi na mabwana, mila ya watu wa mto... Hakumaliza. Joost alimpita, akaishika kamba nyuma ya mikono ya Hoanh, akakita miguu yake mirefu kwenye mzizi. Akasema neno moja kwa ukali. Halikuhitaji kugeuzwa. Khiem aliitupa miwani, akaishika kamba yeye pia. Marijke aliiteremsha simu, akaitia mfukoni, na mikono yake ikabaki haijui pa kukaa.

Udongo ulikuwa laini, mweusi, wenye harufu ya mizizi na chuma. Lai alikutana na mkeka, au kile kilichokuwa mkeka, nyuzi zinazokatika zikiguswa. Akaacha jembe akatumia mikono. Kichwa kilikuwa upande wa nyumba, mbali na mto; mwingine angeshukuru. Yeye alisema tu "Baba, Baba, samahani Baba". Fuvu lilitoka jeusi kama sufuria, jepesi kuliko alivyodhani. Alifungua kitambaa chake cha drafti shingoni, akaliweka humo. Taya. Mbavu, fimbo fimbo. Mkono wa kulia wote, vidole vikabaki kwenye tope akavichota pamoja na tope lenyewe.

"Rudi!" Hoanh alilia. "Imetosha, Lai! Rudi!"

Nyonga. Paja moja. Paja la pili liling'ang'ania, akalivuta mpaka kitu kikavunjika, hakujua ni mfupa au kucha yake. Akanyoosha mkono kuelekea mtoni, kutafuta magoti, na mkono wake ukatoka upande wa pili, kwenye hewa. Aliona vidole vyake mwenyewe na chini yake maji ya kahawia yakizunguka.

Hakusikia ulimi ule wa ardhi ulipokatika. Alichokumbuka baadaye ni kamba, ilivyomkaba mpaka akatapika, na ukuta wa udongo uliompiga usoni wanaume watatu walipokuwa wanampandisha juu kama ndoo kisimani. Kitambaa alikuwa amekiuma kwa meno, na kwa mikono yote miwili alikuwa amekikumbatia, na Joost alilazimika kumfungua kidole kimoja kimoja ili waweze kumlaza.

*

Walimweka marehemu juu ya meza ya wageni, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Marijke mwenyewe aliondoa sahani, akamtoa samaki aliyebaki nusu, akaifuta meza kwa skafu yake, akafanya yote hayo kama mtu aliye jikoni kwake. Simu ya Khiem ililia mfukoni, ikanyamaza, ikalia tena. Aliitazama. Ilikuwa kampuni. Aliiacha ilie.

"Boti isogezwe juu," Hoanh alikuwa anasema peke yake, anazunguka, anachukua sufuria, anairudisha, anachukua picha ya kaka yake mezani kwa wahenga, anaikumbatia. "Kitanda cha Mama. Bati. Bati za mbele zinafaa bado. Tumpeleke wapi? Hekaluni hatujalipa. Lai, tumpeleke wapi?"

Nje mto ulikuwa umefika kwenye ukuta wa jiko na ulikuwa unaula kwa kuramba.

Bibi Sau alikuja akijishika ukutani. Alikaa kwenye kiti alichokalia mgeni. Akafungua kitambaa, akaanza kumpanga mumewe mezani kama inavyopaswa, kichwa, taya, shingo, mbavu za kushoto, mbavu za kulia. Aliweka nyonga. Aliweka paja, na paja. Kisha akapapasa kitambaani, akakikung'uta, akapapasa tena.

"Miguu iko wapi?"

Hoanh aligeuza uso.

"Nauliza miguu ya baba yako iko wapi."

"Imekwenda, Mama."

Bibi alitikisa kichwa kidogo, mara nyingi, kama anayekubaliana na mtu asiyeonekana. Marijke aliuliza kitu kwa kunong'ona, na Khiem akamwambia kwa maneno machache sana. Yule bibi wa Kiholanzi akakaa sakafuni.

Lai alisimama. Nusu ya uso wake ilikuwa tope, nusu ilikuwa damu, na kamba ilikuwa bado kiunoni. Alichukua vijiti vya udi mezani kwa wahenga, akawasha, moto ukakataa mara mbili vidole vilivyolowa. Katika nyumba ile, aliyemkosea marehemu hutaja jina lake mwenyewe mbele yake, ili adhabu ijue inakokwenda na isitangetange nyumbani ikitafuta aliye dhaifu. Alipiga magoti mbele ya meza. Alifikiria Thom amesimama mbele ya mashine wakati huu, mkono mmoja chini ya tumbo.

"Baba," alisema. "Ni mimi Lai, mke wa Hoanh. Nimekutoa siku ya Panya. Hakuna aliyenituma, nimekataa kusikia. Miguu yako nimeiacha mimi. Kama kuna deni, ni la jina langu, mimi Lai, binti wa..."

"Mwongo huyo."

Bibi Sau alikuwa ameinama juu ya meza, mdomo karibu na fuvu, kama mtu anayesema na mzee mwenye masikio mazito.

"Usimsikilize huyu. Niliyemtuma ni mimi. Tangu lini mkwe wangu akafanya jambo humu ndani bila kutumwa na mimi? Waulize majirani. Mimi nimesema leo, nimesema chimba. Jina langu unalijua, ulilitaja mwenyewe mbele ya wazazi wangu siku ya posa."

"Mama, usimdanganye marehemu!"

"Nilimdanganya akiwa hai hakunikamata, ataniweza sasa hana miguu?"

Ukuta wa jiko ulianguka nyuma yao, na sufuria zote za Lai zikaenda nao zikigongana. Hoanh alipiga ukelele. Joost na Khiem walikuwa wameshakishika kitanda cha mbao, mmoja huku mmoja kule, wanakipeleka gatini. Bibi Sau hakugeuka. Alivichukua vijiti vya udi kutoka mkononi mwa Lai, akavishika yeye, moshi ukampanda usoni. Kwa mkono wa pili alimfuta mkwewe tope mdomoni, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto anayelia.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Laana nayo inataka muda ifanye kazi yake. Mimi mzee, itanikuta nimeshamfuata huyu."